Wezi wa Sauti: Kutoka Gereza la Bicêtre hadi Simu za Mapendo



Katika mwaka wa 2025, miezi michache baada ya vita kuingia mjini, mama mmoja wa mtaa wetu wa Mapendo alipokea simu saa moja ya jioni. Alikuwa amekwisha kufunga meza yake ya sambaza na unga wa muhogo, na watoto walikuwa wakingoja chakula. Aliyepiga alikuwa kijana mwenye sauti ya upole, anayechanganya Kiswahili na Kifaransa kama wafanyavyo watu wa ofisi. Alijitambulisha kuwa ni fundi wa kampuni ya simu. Alisema kwamba laini ya mama imeingiwa na kasoro, kwamba konti yake ya fedha itafungwa usiku ule ule, na kwamba yeye angeweza kuitengeneza kutoka mbali, mradi mama asikate simu. «Mama, weka sauti ya nje, utazame namba tu, mimi nitakuongoza.»

Mama akaongozwa. Alibonyeza nyota na tarakimu alizotajiwa. Alipoambiwa aandike namba ya fundi, aliandika. Ilikuwa ni namba ya simu ya mwizi. Alipoambiwa aandike namba ya faili, aliandika 138. Hizo zilikuwa dola 138, yaani mtaji wake pamoja na fedha za likirimba alizokabidhiwa na wenzake. Mwishoni aliombwa aandike namba yake ya siri ili kazi ikamilike, naye akaiandika mwenyewe kwa kidole chake. Tunaomba jambo hili liangaliwe vizuri: hakumtajia mtu yeyote namba ya siri. Lile onyo tulisikialo kila siku, kwamba tusimpe mtu namba ya siri, mama huyu alilishika tangu mwanzo hadi mwisho.

Habari ilipoenea, baadhi yetu katika kikundi cha vijana tulicheka. Tulisema kwamba mama hakusoma, kwamba sisi tusingedanganywa hivyo. Mkubwa wetu mmoja alituuliza kama tunajua wizi huu umeanza lini, na kwa watu gani. Hatukujua. Basi tukaanza kutafuta, na kadiri tulivyosoma, kicheko kilitukauka mdomoni.

Karibu miaka 200 iliyopita, mtu mmoja wa Paris aliyeitwa Eugène-François Vidocq alichapisha kitabu kuhusu wezi. Alikuwa na haki ya kukiandika. Alizaliwa mwaka 1775, akafungwa mara nyingi, akatoroka mara nyingi, kisha akageuka na kuwa mkuu wa kikosi cha upelelezi cha polisi ya Paris. Katika kitabu hicho, cha mwaka 1836, anaeleza hila iliyoitwa barua za Yerusalemu. Wafungwa wa gereza la Bicêtre walitafuta majina ya matajiri wa mikoani, wakawaandikia barua. Mwandishi alijifanya kuwa mtumishi wa bwana mkubwa aliyekimbia Mapinduzi ya Ufaransa. Alisimulia kwamba walipokuwa wakifuatwa na maadui, waliitupa sanduku yenye dhahabu na vito ndani ya maji, mahali anapopajua yeye peke yake. Sasa yuko kifungoni, hana hata senti, na akisaidiwa kidogo ataonyesha mahali pale. Vidocq asema kwamba katika barua 100 za namna hiyo, 20 zilijibiwa. Waliojibu hawakuwa wauza sambaza. Walikuwa watu wenye mashamba na nyumba, wanaosoma na kuandika katika nchi ambamo wengi hawakujua kusoma.

Hila hiyo haikufa pamoja na Bicêtre. Mwishoni mwa karne ya 19, barua za jamaa yake zilikuwa zikitoka Hispania kwenda Uingereza na Marekani, zikisimulia habari za mfungwa mwenye mali iliyofichwa, na binti yake anayehitaji mlinzi. Waingereza waliiita hila ya mfungwa wa Hispania. Baada ya 1980 ilihamia Nigeria, ambako ilipewa jina la 419, kutokana na kifungu cha sheria ya jinai ya nchi hiyo kinachokataza kupata mali kwa udanganyifu. Hapo nasi Wakongo tunaingia katika historia, tena kwa namna ya ajabu. Rais Mobutu alipokufa uhamishoni Rabat, mnamo Septemba 1997, barua zilisambaa duniani zikiwa na sahihi ya mjane wake, eti Mariam Sese Seko, akiomba msaada wa kutoa mamilioni ya dola yaliyofichwa. Mjane wa Mobutu anaitwa Bobi Ladawa. Lakini mtu wa Ohio au wa Manchester angejuaje? Alichokuwa amesikia ni kwamba kulikuwa na rais wa Zaïre aliyejilimbikizia mali nyingi, na hilo lilikuwa kweli. Mwongo hodari huanza na kweli ambayo msikilizaji anayo tayari kichwani, kisha anaongeza kipande kimoja tu cha kwake.

Hila zote hizo zilimvuta mtu kwa tamaa ya mali isiyo yake. Ndiyo maana watu hawakuwahurumia sana walioibiwa, wakisema kwamba na wao walitaka kula kilichoibwa. Mama wa Mapendo hakutamani chochote cha mtu. Alitaka tu kisipotee kilichokuwa chake. Badiliko hilo ni kubwa, na limetokea machoni petu.

Kuanzia mwaka 2008 hivi, watu wa Uingereza, Marekani, Australia na nchi nyingine zenye kusema Kiingereza walianza kupigiwa simu na vijana waliojiita mafundi wa Microsoft. Wengi wa vijana hao walikuwa wameketi katika vyumba vya simu nchini India, hasa katika mji wa Kolkata. Walimwambia mtu kwamba kompyuta yake imejaa virusi. Kisha walimwongoza hadi afungue daftari la ndani la Windows, ambamo mashine hujiandikia yenyewe kila kasoro ndogo. Kila kompyuta iliyo nzima ina mistari ya namna hiyo, mingine yenye alama nyekundu, nayo haina madhara yoyote. Lakini mzee aliyeketi peke yake nyumbani, akionyeshwa mamia ya alama nyekundu na sauti ya utaalamu, aliogopa. Hapo aliombwa aweke programu ya kuiendesha kompyuta kutoka mbali, kisha alipe kwa ajili ya matengenezo. Mnamo Oktoba 2012 serikali ya Marekani, kwa njia ya tume yake ya biashara, ilitangaza mashtaka dhidi ya makundi sita ya mafundi bandia kwa pamoja. Biashara hiyo haikukoma.

Tukiitazama ile simu ya Mapendo kando ya zile za Kolkata, twaona mkono ule ule. Kuna fundi asiyeonekana na kasoro isiyoonekana. Kuna matengenezo kutoka mbali, ambayo mwenye mali anayafanya kwa kidole chake mwenyewe. Na kuna amri ya kutokata simu, ambayo kwa maoni yetu ndiyo kiini cha yote, maana mtu aliyekata simu humwita jirani.

Afrika ya Mashariki ilikuwa na uwanja wake tayari. M-Pesa ilizaliwa Kenya mnamo Machi 2007, ikafika Tanzania mwaka 2008. Fedha ilipoingia katika simu, mwizi naye aliingia humo. Nchini Kenya, kwa miaka mingi, simu na ujumbe wa udanganyifu umekuwa ukitoka ndani ya gereza la Kamiti, karibu na Nairobi, ambako wafungwa huficha simu na kujifanya wahudumu wa kampuni au watu waliotuma fedha kwa makosa. Tulipolisoma hilo tulikumbuka Bicêtre. Miaka 200 imepita, kalamu imekuwa simu, na mfungwa bado anaandika kutoka kifungoni! Kuna pia mji mdogo wa Mulot, mpakani mwa wilaya za Bomet na Narok, uliopata sifa mbaya kwa vijana wanaohamisha laini ya mtu iingie katika kadi nyingine, na kumaliza konti zake kabla hajaamka. Nchini Tanzania watu wamezoea ujumbe mfupi usemao kwamba ile hela itumwe kwenye namba hii. Ni risasi iliyorushwa gizani, ikitumaini kumpata mtu aliyekuwa kweli anataka kutuma hela kwa mwenye nyumba au kwa fundi. Mamlaka ya mawasiliano ya huko, TCRA, imewapa wananchi namba 15040 ya kupelekea ujumbe huo, na ripoti zake zimeitaja mara kwa mara mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa chimbuko kubwa la laini za matapeli.

Na kwetu? Nchi yetu ilitangulia wengi katika simu za mkononi. Mwaka 1986 Miko Rwayitare alianzisha Telecel huko Kinshasa, wakati simu ya mkononi ilikuwa chombo cha mawaziri na wafanyabiashara wakubwa. Wananchi wa kawaida walizipata baada ya mwaka 2000. M-Pesa ililetwa Kongo mwaka 2012, ambao tarehe 20 Novemba yake M23 iliingia Goma kwa mara ya kwanza. Leo M-Pesa, Airtel Money na Orange Money ndizo sanduku la fedha la mtu ambaye hajawahi kukanyaga benki.

Sasa tufike kwenye swali lililotuchoma zaidi: kwa nini mama alisadiki? Jibu letu la kwanza, kwamba hakusoma, lilikuwa jibu la kiburi. Tumelikataa tulipokumbuka mambo mawili yaliyotupata sote.

La kwanza ni RAM. Mnamo Septemba 2020 serikali ilianzisha daftari la simu za mkononi, na kila mwenye simu akatakiwa kulilipia kila mwaka: dola 1 kwa simu ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G na zaidi. Fedha hizo zilikatwa katika unite za mtu, kidogo kidogo. Ujumbe ulikuja katika simu, ukisema juu ya kusajili na kulipa, nao ulikuwa wa kweli. Watu walinung'unika nchi nzima, bunge likahoji, na mwanzoni mwa mwaka 2022 mpango ukafutwa. Kwa hiyo, kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja, wananchi walifundishwa kwamba sauti isiyo na uso yaweza kukuambia simu yako ina tatizo, ikachukua fedha yako, na ikawa ni amri halali. Shule hiyo ilikuwa ya nguvu. Hatujui mwizi yeyote ambaye angeweza kuwaandalia wanafunzi vizuri zaidi.

La pili ni volkano. Nyiragongo ililipuka tarehe 17 Januari 2002, ikapasua mji katikati na kuliangusha kanisa kuu. Ililipuka tena jioni ya tarehe 22 Mei 2021. Siku tano baadaye, alfajiri ya tarehe 27 Mei, mkuu wa jimbo alitangaza kwamba mitaa kumi iondoke mara moja, kwa kuwa moto ungeweza kutokea ardhini au chini ya ziwa bila onyo. Mapendo ilikuwa katika orodha. Wengi wetu tulikuwa watoto wa shule. Twakumbuka magodoro kichwani, barabara ya Sake iliyojaa watu, mpaka wa Gisenyi, wazazi wakituambia tusiulize maswali, twende tu. Tangazo lilikuwa la ghafla, lilitoka kwa sauti tusiyoona uso wake, likataka utii wa papo hapo. Na lilikuwa la kweli. Mtu wa Goma aliyezoea kungoja uthibitisho hajakaa sana Goma.

Haya ndiyo tuliyoyafikiri sana. Haraka imetuokoa. Ni fadhila tuliyojifunza kwa gharama kubwa, na mama zetu wanayo kuliko sisi. Mwizi hakukuta ujinga kwa mama yule; alikuta ule utayari wa kutenda mara moja ambao mwaka 2021 ulimfanya awatoe watoto wake salama, akauazima.

Kisha ikaja Januari 2025. M23 ilipoingia Goma, benki zilifunga milango na uwanja wa ndege ukafungwa. Noti zikawa adimu. Aliyetaka noti alivuka kwenda Gisenyi, au alimwendea mwenye kabini, naye akakatiwa sehemu ya fedha yake. Mishahara, misaada ya jamaa walio Kinshasa na ng'ambo, hata sadaka za msiba, vyote vilipita katika simu. Mtu aliyeambiwa wakati huo kwamba konti ya simu yake itafungwa usiku huu, aliambiwa kwamba mlango wa mwisho uliobaki wazi unafungwa. Nani asingetetemeka?

Tungependa kuishia hapo, tukiwa upande wa walioibiwa. Lakini vijana hatuna budi kutazama upande wa pili wa simu pia, maana sauti ile ya upole ilikuwa ya kijana wa rika letu.

Wengine ni wezi waliochagua wizi, wala hatuwaoshi. Tunawajua wale wanaojisifu kwa viatu vipya na kusema kwamba wanafanya kazi ya mtandao. Lakini kuna na wengine. Tangu kama mwaka 2020, vijana wengi wa Asia na wa Afrika, wakiwamo Wakenya na Waganda, wameitikia matangazo ya kazi nchini Thailand: kazi ya huduma kwa wateja, mshahara mzuri, tiketi ya ndege imelipwa. Walipofika walivushwa mpaka hadi Myanmar, wakanyang'anywa pasipoti, wakafungiwa katika majengo yenye ulinzi, wakalazimishwa kuwadanganya watu kwa simu na ujumbe usiku kucha. Aliyeshindwa kufikisha kiasi alipigwa. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria, mnamo Agosti 2023, kwamba watu wasiopungua 120,000 walikuwa wakishikiliwa hivyo Myanmar, na 100,000 Kambodia. Mwanzoni mwa 2025 maelfu yao walitolewa katika majengo yaliyo karibu na mji wa Myawaddy. Mfungwa wa Bicêtre aliandika uongo kwamba yeye ni mtumwa wa bahati mbaya anayehitaji msaada. Mfungwa wa Myanmar yuko katika hali hiyo kweli, na anakatazwa kuisema.

Mjini kwetu, ambako kazi ni chache na kijana mwenye diploma anaweza kukaa miaka akisubiri, tangazo la namna hiyo litapata wasomaji. Tunawaomba mliulize kama mnavyoiuliza simu ya usiku: ni nani anayelipa tiketi ya mtu asiyemjua, na kwa nini?

Kuhusu simu yenyewe, tumekubaliana katika kikundi juu ya jambo moja tu, kwa sababu orodha ndefu ya maonyo husahauliwa. Anayekuita na kudai ni fundi, kata simu. Usimjibu kwa hasira, usimjaribu akili, usimchezee. Wako waliojiona werevu wakaendelea kuzungumza hadi wakaibiwa. Kata, kisha nenda mwenyewe kwa kabini unayoijua au piga namba ya huduma iliyo kwenye karatasi ya kadi yako. Kama kasoro ni ya kweli, itakungoja hadi asubuhi. Simu haina lava. Na fedha ikiwa imekwisha kwenda, dakika za kwanza ni za thamani: kampuni yaweza kuzuia fedha ambayo mwizi hajaitoa bado, lakini akisha kuitoa kwenye kabini ya upande wa pili wa mji, hakuna wa kumkimbiza. Mama wa Mapendo alipoteza dakika hizo, na tulitaka kujua kwa nini.

Tulimwendea, watatu kati yetu, ili kumwomba radhi. Alitukaribisha kwa chai. Alisema kwamba alielewa ameibiwa mara tu ujumbe wa kutuma fedha ulipoingia, hata kabla mwizi hajakata. Jirani yake, kijana mwenye kabini, alikuwa bado hajafunga, hatua 30 kutoka mlangoni. Hakumwendea. Aliketi kitandani hadi usiku wa manane, kwa sababu aliona aibu, na aliogopa kwamba kesho watoto wa parokia watamcheka.

Juma lililofuata alisimama katika shirika lake na kueleza yote, namba kwa namba, jinsi alivyobonyeza. Kulikuwa na kimya. Kisha papa mmoja, mwalimu aliyestaafu, ambaye sote tunamwogopa kwa Kifaransa chake, alisema kwamba yeye alipoteza dola 60 kwa njia ile ile mwezi mmoja kabla, na kwamba mke wake alikuwa akilisikia jambo hilo saa ile kwa mara ya kwanza. Msichana mmoja akasema na yeye. Wenzake wa likirimba walimpa mama miezi minane ya kurudisha fedha zao, bila faida. Tulipomtembelea, alikuwa amebakiza miwili.